Jamvi Lisilo na Fundo

"Maman Tuyizere, tunataka majamvi ya kulalia kwa kambi," alisema Munyemana, bila kukaa kwenye kibao alichopewa. "Kila moja ienee papa na mutoto wake."

Patricie hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi uani, mafunjo yametandazwa mbele yake, akipitisha sindano ndefu kutoka bua moja hadi jingine.

"Na bale hawana papa?"

"Bale batalala kwa jikoni, sawa na mwaka jana. Unajua sheria yetu. Muntu mukubwa halale na mutoto wa mwenzake. Ni juu ya kubachunga."

"Na maman yake akikuja?"

Munyemana, kiongozi wa kina baba katika kikundi cha wavulana wa parokia, alicheka kidogo. "Kambi ni ya banaume, Maman."

"Sawa, Papa. Nitashona."

Aliitikia kwa sauti laini mno. Yeyote aliyemfahamu vizuri angeogopa.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya, na Patricie hakuwa mpumbavu. Alijua kwa nini imewekwa. Lakini mwaka jana waungwana wale, baada ya kusali na kuimba, walimpeleka mwanawe aliyefiwa na baba akalale peke yake katikati ya masufuria na kuni mbichi, kisha wakaenda kujifunika blanketi na watoto wao. Asubuhi Tuyizere alitoka macho mekundu kwa moshi, masizi shavuni, na wenzake wakampa jina: Mutoto wa Sufuria. Jina hilo lilishuka naye kutoka kambini, vilimani Nzahaha, hadi kwao Bugarama, likamfuata shuleni, likamfuata bombani. Tangu hapo hakutaka kulala tena juu ya jamvi. Alilala kwenye benchi, mikono kifuani. Mama yake hakuwasamehe kina baba wale. Kila Jumapili alikwenda kanisani na hasira yake, akapokea komunyo, akarudi nayo nyumbani nzima nzima. Alitaka kulipiza, basi.

Jamvi la mafunjo hukua kwa upande. Mabua hulazwa sambamba, urefu wa bua ndio urefu wa mlalaji, na nyuzi hupita ndani ya yote. Ukifikia upana unaoutaka, unafunga mafundo, unakata. Patricie alifika mahali pa kufunga, upana wa baba na mwana, akapapita. Akafika pa kufunga tena, akapapita tena. Jamvi lilivuka ua, likagusa ukuta wa jirani, ikabidi aliviringishe ili apate nafasi ya kuendelea. Majirani walimuuliza kama anamshonea tembo kitanda. Alicheka nao, huku moyoni akimwona Munyemana akihangaika, na sindano ikazidi kukimbia.

Siku ya safari kina baba walifika na gari dogo la kamioneti, watoto wakiimba nyuma.

"Ingine iko wapi?" aliuliza Munyemana.

"Njo hiyo tu."

Alilizunguka lile furushi, nene kama pipa. "Lakini Maman, hii ni nini? Basi tuikate!"

"Kata." Patricie akampa kisu.

Munyemana alikata nyuzi. Bua la kwanza likachomoka, likafuatwa na la pili, kisha yakaanza kumwagika miguuni pake huku akijaribu kuyazuia kwa magoti, na suti yake ya kambi ikajaa vumbi. Kina baba waliangua kicheko. Patricie alimwacha atoke jasho kwanza. Utamu ulioje! Kisha akazikanyaga nyuzi kwa kisigino.

"Bila fundo inaachia yote," alisema. "Kuifunga ni kazi ya masiku mingi, na miye leo nimechoka. Mulale musitari mumoja, batoto bote kati, bapapa ku mipaka, kila muntu anaona mwenzake. Sheria yako haijavunjika, Papa. Ama mulale kwa vumbi."

Kina baba walilibeba jamvi mabegani.

Kabla Tuyizere hajapanda, mama yake alimshika mkono, akamwonyesha zile nyuzi zilizokatwa, alizozizungusha tu kwenye mabua ya mwisho.

"Bakikupeleka kwa jikoni, vuta hizi," alimnong'oneza. "Vuta mupaka mwisho."

Mtoto alizitazama. Kisha akapanda.

Walirudi Jumapili mchana. Jamvi lilishushwa zima. Munyemana hakushuka, alichungulia dirishani tu. "Sasa uikate muzuri, Maman, ufunge mafundo. Mwaka ujao kila papa na mutoto wake." Gari likaondoka.

"Balikulaza wapi?" Patricie alimuuliza mwanawe.

"Kati."

"Na nyuzi?"

"Nilizifunga."

"Juu ya nini ulizifunga?"

Tuyizere alikuna mguu kwa mguu. "Mutoto wa Papa Munyemana alilalaka upande ule wa kuachia, pembeni ya papa yake. Alikuwa anaogopa jamvi itaachia."

Patricie aliyaona mafundo: makubwa, mabaya, ya mkono usiojua kazi, yamekazwa kwa meno. Alijisikia ameibiwa kisasi chake. Mwaka ujao kila baba na mwanawe! Hapana. Asingemkatia mtu yule hata kipande kimoja. Angeyakata mafundo yale na kuvuta, jamvi lote liachie, Munyemana aje kuokota mabua. Aliingia ndani kuchukua kisu.

Alipotoka, jamvi lilikuwa limefunguliwa uani, na Tuyizere amejilaza katikati yake, mikono na miguu ameitupa huku na huku, mdomo wazi.

"Tuyizere. Ondoka hapo."

Mtoto alivuta pumzi, akageuka upande, akaendelea kulala.

Patricie aliketi kwenye ukingo, karibu na mafundo. Aliweka kisu mapajani, kidole gumba kwenye makali, akangoja aamke.