Kicheko cha Mama kwenye Diski ya Irene

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Mwatime alimvisha Irene soksi za kubana miguu, akampikia chai ya maziwa, kisha akaingiza diski kwenye mashine. Irene alikuwa Mwingereza wa miaka themanini na tisa. Mumewe Mmarekani alimleta Gaithersburg, Marekani, kisha akafa, na Mwatime, kutoka Likoni, alilipwa kumtunza.

Diski zilikuwa za kichekesho cha zamani cha televisheni ya Kiingereza, kilichorekodiwa mbele ya watazamaji miaka hamsini iliyopita, kuhusu duka la dobi ambamo nguo za wateja hazikuisha kuchanganywa. Mwatime alikijua tangu utotoni, kilipokuwa kikionyeshwa kwao Alhamisi jioni. Mama yake hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alijua kasisi atapewa furushi la mcheza dansi, na kwamba wote wameshaelewa isipokuwa kasisi mwenyewe. Alianza kucheka kasisi akiwa bado mlangoni.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, kasisi alifungua furushi na watazamaji wakacheka kama siku zote. Wengine walipomaliza, mmoja akaendelea: pumzi ndefu, vicheko vitatu vifupi, kofi la paja, halafu, "Ya Rabi nisamehe."

Mwatime akarudisha nyuma. Kicheko kilikuwa palepale.

"Huyo mgeni," Irene alisema, akipuliza chai yake. "Tulipoangalia hii Krismasi hakuwepo."

"Ni mama yangu."

"Pole. Mume wangu aliingia mwaka 2009. Yuko mbele kushoto, ndiye anayekohoa. Watu hudhani tunakipenda kwa utani wake. Utani wenyewe nimeuchoka zamani." Akaweka kikombe chini. "Mama alifariki lini?"

"Sijaambiwa."

"Basi wapigie. Huwa hawaingii wakiwa hai."

Wakamaliza kuangalia. Irene aliposinzia baada ya chakula, Mwatime alisimama jikoni akapiga namba ya mama yake. Likoni ilikuwa baada ya magharibi. Tangu mwezi wa pili sauti ya mama ilikuwa na mafua yasiyopona.

"Mwanangu, hujambo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nataka nikusikie ukicheka."

Upande wa pili mtu alipunguza sauti ya televisheni. Kisha ile sauti ikacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, ila kilianza bila pumzi. Kilikuwa cha Safa, mdogo wake Mwatime.

"Asante, Safa," Mwatime akasema, akakata simu.

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe, Jabir, akipiga pasi mashati ya kazi.

"Mama alikufa lini?"

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia kwenye kile cha dobi."

Jabir akachomoa waya wa pasi ukutani. "Mwezi wa pili, tarehe tisa. Presha. Hakuumwa hata siku moja."

"Leo ni ishirini na nane ya mwezi wa tatu."

"Loya alisema ukitoka nchini kabla ya mahojiano ya ukaazi, faili lako linafungwa. Nakujua, ungepanda ndege siku ileile. Tukakubaliana."

"Nani na nani?"

"Mimi na kaka yako Faisal. Safa akasema sauti ataiweza. Na Zainab, maana tulihitaji nyumba."

"Nyumba ya nini?"

Jabir akakunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Mwatime hakuhitaji jibu. Katikati ya mwezi wa pili, shoga yake Zainab alimwomba akaange sambusa za khitma ya mzee mmoja wa Lamu. Alikaanga sinia mbili. Alikaa na wanawake wenzake, juzuu mapajani, akamsomea mzee asiyemjua, na wakati wa kuagana akaona wanamkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alidhani ni kwa sababu ya sambusa.

"Umeniacha nimwombee mama yangu kwa jina la mtu mwingine."

"Dua ilifika, Mwatime. Mungu anajua ni ya nani."

"Na mimi ningejua lini?"

"Baada ya mahojiano," Jabir alisema, kwa upole, kama mtu anayetaja siku ya miadi.

Mwatime alikaa msiba siku tatu chumba cha pili. Hakuna aliyekuja. Watu walikuwa wameshamaliza kuomboleza. Zainab alipigiwa simu akasema kweli angekuja, lakini kwake huko walishaanua matanga. Safa alituma ujumbe wa kuomba radhi kwa sauti yake mwenyewe, na Mwatime akausikiliza mara mbili kuhakikisha ni yeye.

Jumamosi aliendelea kwenda kwa Irene. Mle kwenye diski, mama alikuwa amezoea. Alihamia safu za katikati, na siku nyingine alisikika akimweleza jirani yake, kwa Kiswahili, nini kitatokea.

Kadi ya ukaazi ilikuja mwezi wa saba. Jabir aliita watu Jumapili mchana, akaagiza biriani. Walimwambia Mwatime hongera, wakamwambia, "Umeona sasa? Ungeenda ingekuwaje?" Aliwajibu kuwa ni kweli, faili lingefungwa. Alitazama nyuso zao moja moja, akingoja hata mmoja ainamishe macho.

"Lakini tulifanya kazi!" Zainab akasema, akinawa mikono. "Jabir, wasimulie."

Jabir alijua kusimulia. Alisimama katikati ya sebule. Akamwiga Safa akibana pua kwenye simu. Akajiiga mwenyewe, ananyata na simu ya mkewe kwenda kufuta rambirambi za watu wasioambiwa mpango. Kisha akamwiga Mwatime mlangoni kwa Zainab na masinia yake, akiuliza kwa adabu kama marehemu alipenda pilipili.

Sebule nzima ikacheka. Hakukuwa na ubaya ndani ya kicheko chao. Walipigana mabega, wakashikana wasianguke. Zainab alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Rudia pale pa sambusa," akasema.

Mwatime alikuwa amenyanyuka kuondoa sahani. Jabir akampisha apite, akarudia.