Maji ya Mgeni

Asubuhi ya tatu mfululizo, Maame Pokuaa alimletea bintiye maji ya kunywa, akamvutia kiti, akaketi mkabala naye kama afanyavyo kwa mtu asiyemjua.

"Karibu, mgeni. Sisi huku ni wazima. Wewe ndiye uliye njiani, umekuja na neno gani?"

Adwapa aliona haya. Mgeni! Yeye aliyezaliwa chumba kile pale, hapa hapa Bekwai. Lakini kwa desturi maji ya mgeni hayakataliwi, akayanywa.

Kisa chenyewe ni pasi ya kusafiria. Kwa miaka ishirini na miwili ya uuguzi Ujerumani, Adwapa aliukataa uraia wa kule kwa sababu walimtaka kwanza auache wa Ghana. Sheria yao ilipobadilika akachukua wa pili bila kuutupa wa kwanza, akaja mbio kumweleza mama. Mama alimuuliza swali moja tu: aliapa? Akasema ndiyo, alisimama mbele ya watu akatamka. Jioni ile ile Maame Pokuaa akawaita wanawake wa ukoo, akawaambia siku yeye akifa, Adwapa asiwemo kati ya watakaomwosha, maana kazi hiyo ni ya wenye ukoo, si ya wageni. Hapo mama alipitiliza, tuseme ukweli. Adwapa alilia mpaka macho yakavimba.

Leo akajikaza.

"Mama, ulipoolewa na Baba, hukukubali mbele ya watu?"

"Nilikubali. Na alikuwa mzuri, we acha tu!"

"Ukaacha kuwa wa ukoo wa mama yako?"

"Nani angethubutu kusema hivyo? Nilikuwa napika hapa hapa kwa mama, jioni najitwika chakula nampelekea mume, nalala kwake, asubuhi niko hapa."

"Basi Ujerumani ndiko ninakopeleka chakula. Ukoo wangu ni huu."

Mama akacheka bila kupenda. Kisha kicheko kikamkauka.

"Ujanja wa maneno umeurithi kwangu. Lakini mimi nilirudi kila asubuhi, Adwapa."

Mama akasogeza kiti karibu naye.

"Ulipokuwa na pasi moja, nikisikia redioni huko wanafukuza wageni, wenzangu wanasikitika, mimi namwomba Mungu na wewe wakufukuze. Mungu anisamehe. Sasa hawawezi tena."

Kumbe siku zote tatu hakuwa na hasira ya kiapo. Adwapa akapiga magoti, akaishika miguu ya mama yake.

"Niruhusu nikuoshe, Mama. Siku ikifika."

"Utaniosha." Mama akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Jirani yetu Konadu alipokufa alilala kwenye barafu miezi mitatu, akisubiri wanawe wapande ndege. Wakaja wakamwosha vizuri sana, na manukato juu. Wewe njoo ningali na joto."