Siku Mkwe Alipopaka Rangi Jikoni

Mwanamke wa Kikamba aliyelelewa akaleleka hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Hamkaribii, hamgusi, hamtazami usoni. Hiyo ndiyo nthoni, na Kanini wa Mbumbuni alikuwa ameishika miaka tisa bila kuteleza hata mara moja. Mchungaji alishasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Kanini aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, akarudi nyumbani, na siku Mulei alipokuja kusalimia alitokea mlango wa nyuma akajibanza kwa jirani mpaka mkwe alipoondoka. Mchungaji naye ana mama mkwe wake, ajipange naye.

Sasa Mwongeli, binti yake, akaamua kwamba makabati ya jikoni lazima yapakwe rangi upya. Na fundi ni nani? Mumewe, Mulei! Makabati yalitengenezwa na marehemu Mutisya, mumewe Kanini, na ile rangi ya kijani ilikuwa imebabuka na kulowa moshi na mafuta ya miaka ishirini. Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwa maombi Jumapili. Kanini alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba Mwongeli asiondoke pale nyumbani mpaka kazi iishe.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Mwongeli alipeleka chai jikoni, akaleta vikombe, akachukua maswali upande huu na kuyafikisha upande ule. Mulei akapiga msasa, akaziba mashimo, akapaka mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta. Kisha upepo wa Agosti ukaleta vumbi jekundu la barabarani, likanasa kwenye rangi mbichi, na milango ya kabati ikakauka ikiwa na chengachenga kama ugali uliosongwa na mtu mvivu. Mulei alikasirika sana. Alikuwa na jina kuanzia Kasikeu mpaka Mbumbuni, na kati ya nyumba zote duniani, hii ya wakwe ndiyo hakutaka kuaibikia.

Kwa hiyo siku ya tatu alifunga dirisha la jikoni, akafunga na mlango, akasukumia gunia chini yake ili vumbi lisipate pa kupita. Halafu akaanza kuitoa ile rangi iliyoharibika kwa kitambaa na thina, dawa ile ya kuyeyusha rangi, mkebe mzima. Fundi mwenye akili timamu hufungua madirisha yote anapotumia thina. Lakini mtu akishaanza kuogopa aibu ya ukweni, akili hukaa pembeni kidogo.

Saa nne ikagundulika kwamba bawaba mbili zimevunjika.

"Mwaitu, nakimbia soko mara moja," Mwongeli alimwambia mama yake. "Nanunua bawaba narudi. Usiingie huko, joto imezidi, ametoa shati."

"Niingie nikatafute nini?" Kanini alimjibu.

Akaketi barazani, mgongo ukitazama mlango wa jikoni, akichambua ndengu kwenye ungo. Harufu ya thina ilimfikia hata pale nje. Ndani Mulei alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, kwa sauti mbovu lakini kwa moyo. Baadaye kidogo Kanini akakumbuka kwamba mgeni hajapewa chai, na mjumbe hayupo. Kuku mmoja alikuwa akidonoa karibu na miguu yake.

"Wewe kuku," Kanini alisema kwa sauti ya kupita ukuta, "uliza huyo fundi kama atakunywa chai."

Sauti ya Mulei ikajibu, yenye adabu zote: "Kuku, mwambie asante sana. Wacha kwanza nimalize hii kabati ya chini."

Kanini alicheka peke yake akaendelea na ndengu zake. Wimbo ukaanza tena, ukafika katikati ya ubeti wa pili, ukakatika. Mkebe ukaanguka na kubingirika sakafuni.

"Kuku, uliza fundi kama ameumia."

Hakukuwa na jibu. Kuku mwenyewe alijiendea zake nyuma ya choo.

Kanini alisikiliza. Labda amechoka, amejilaza kidogo. Mtu amefanya kazi tangu asubuhi na mapema. Na kama amelala, yeye aingie amkute kifua wazi? Habari hiyo ingefika Kasikeu kabla ya jua kutua: Kanini wa Mutisya, mzee wa watu, amemvamia mkwe wake jikoni. Aliinuka, akaenda kwenye ua, akamwita jirani, "Mulwa! Ee Mulwa!" Ilikuwa siku ya soko. Mulwa hakuwepo, na wanaume wote wa upande ule hawakuwepo. Alirudi barazani.

Ndipo simu ya Mulei ikalia kule jikoni. Ililia mpaka ikakata. Ikalia tena, ikakata. Kisha simu ya Kanini ikalia, na alikuwa Mwongeli.

"Mwaitu, Mulei hapokei simu. Nilitaka anitajie size ya bawaba. Mikono iko na rangi?"

Kanini aligeuka akautazama mlango wa jikoni.

"Mwaitu?"

"Hasikii," Kanini alisema. "Nimeita, hajibu. Mwongeli, hajibu!"

Akaitupa simu kwenye ndengu, akausukuma mlango. Haukufunguka. Lile gunia lilikuwa limeukaba kwa chini. Aliupiga bega, mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye goti bovu, akaupiga tena huku akilia kwa hasira, na mara ya tatu ukaachia. Hewa iliyomkabili ilimchoma macho na koo. Mulei alikuwa amelala kifudifudi, kichwa na mabega ndani ya kabati ya chini, kitambaa bado kiko mkononi, thina imemwagika mpaka miguuni pa meza.

Hajawahi kumgusa hata kidole. Sasa alimshika vifundo vya miguu akavuta. Mulei alikuwa mtu mzito na sakafu ilikuwa na utelezi. Kanini alibana pumzi, akavuta, akaanguka kwa makalio, akavuta hapohapo alipokaa. Alimtoa kabatini, akamtoa mlangoni, akamburuta mpaka uani kwenye upepo na vumbi lake lote. Akamgeuza chali, akaweka kichwa chake mapajani, akamwagia maji ya mtungi usoni.

Kifua kilipanda kidogo, kikashuka. Kanini alingoja kuona kama kitapanda tena. Kilichelewa, kisha kikapanda.

Mulei alifumbua macho. Akaona ni nani aliyemshika. Akayafumba upesi.

Kanini aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hata siku aliyomzika Mutisya. Ni adabu hiyo au ni kifo? Angejuaje? Mkwe mwema hufumba macho, na mtu anayekufa hufumba macho vilevile. Alimwaza Mwongeli akishuka kwenye boda na bawaba zake mkononi, akamkuta mumewe ametulia kwa heshima mapajani pa mama yake.

Alimpiga kofi. Hakujibu. Akampiga la pili, kali.

"Mulei!" Jina hilo hakuwahi kulitaja mbele yake. "Mulei, niangalie! Niangalie usoni, nimesema! Usinifie hapa kwa sababu ya heshima! Mimi ni mama yako, niangalie!"

Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, machozi yakimdondokea mkwe kwenye paji la uso. Kope zikatikisika. Mulei akafumbua jicho moja, kisha la pili, na safari hii hayakukimbia. Alimtazama kwa muda mrefu, kutoka paji la uso mpaka kidevu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kazi.

"Mwaitu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kumbe Mwongeli alitoa hii sura kwako."

Kanini alicheka huku analia, na hakumwachilia.

"Endelea kuangalia," alimwambia. "Usifumbe. Angalia tu mpaka mke wako afike."