Jasho la Jezi Kumi na Moja

Namba tisa iliibuka katikati ya povu, ikageuka, ikamtazama Dobi usoni, kisha ikazama tena.

Alibaki ameinama, mikono majini hadi kwenye viwiko. Akapapasa chini ya beseni. Akatoa namba nne. Akatoa namba mbili. Akatoa ile ya kipa, ya mikono mirefu, ikichuruzika maji ya rangi ya chai. Jezi zote kumi na moja zilikuwa mle, tena zimeshafikichwa vizuri, maana Dobi hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu.

Alikuwa ameamka mapema, akiwaza fainali ya saa kumi. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Mtu mwingine angevuta sigara. Yeye alishika gunia la karibu, akalimwaga kwenye beseni, akaanza kufua ili moyo utulie. Mkono wa dobi haumuulizi mwenyewe. Miaka thelathini, ukiuona uchafu unaufuata kama paka na kitoweo.

Na jezi zile hazikutakiwa kuguswa na maji. Timu ya mtaa ilikuwa imeshinda mechi sita mfululizo bila jezi kufuliwa, na benchi lililokuwa nje ya chumba chake cha kazi likapitisha sheria. Hapo ndipo mashabiki walipokaa kila jioni kutatua mambo ya dunia. Fundi viatu alisema refa ni kama mama mkwe: akikosea yeye, unaomba radhi wewe. Kinyozi alidai mwanaume aweza kubadili kazi, nyumba na mke, lakini timu asibadili. Mkewe, aliyekuwa akipita, akamuuliza amefikia wapi kwenye orodha hiyo. Ila kwa hili la jezi wote walikuwa kitu kimoja. Jasho la ushindi ni mchezaji wa kumi na mbili, na mchezaji hafuliwi. Wakamkabidhi Dobi azitunze. Yeye ambaye ujanani alifunga kamba za viatu misimu minne asiitwe uwanjani hata dakika moja, sasa alikuwa na cheo. Walimwita Waziri wa Jezi, wakampa nafasi ya katikati ya benchi, pasipo na msumari.

"Nasikia harufu ya sabuni," mke wa Dobi alisema mlangoni.

"Mama watoto, nimekwisha."

Mkewe alichungulia beseni. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Wiki sita nalala chumba kimoja na beberu, kumbe dawa yake ilikuwa maji."

"Wakifungwa leo, hilo benchi silikalii tena. Hata salamu sitapata."

"Basi waambie."

"Waambie wewe."

"Mimi si waziri."

Alizikamua, akazianika. Jua lilikuwa kali. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zinapepea, zinanukia maua, zinamtia aibu. Akaisugua moja ukutani, ikapata vumbi, si jasho. Akaipaka nyingine majivu, ikanuka jiko. Akazunguka ua, akakaa juu ya ndoo, akainuka.

"Jasho haliuzwi dukani," mkewe alisema, akipepeta mchele.

Dobi alisimama. "Haliuzwi," alisema taratibu. "Lakini mimi ninalo."

Akavaa namba mbili. Ilimkaba tumbo. Akaanza kukimbia kuizunguka kamba ya nguo, goti la kushoto likilia kama bawaba. Mizunguko kumi, hadi mgongo ukalowa. Akaivua, akaitundika, akavaa namba tatu. Kisha nne. Kisha tano, akipumua kwa mdomo.

"Beki hakimbii hivyo," mkewe alimwambia. "Beki hutembea akilaumu wenzake."

Alikuwa ndani ya namba tisa mlango wa ua ulipofunguliwa. Kocha, ambaye siku nyingine zote alikuwa mwuza nyama, aliingia na aproni yake kuchukua jezi. Alimtazama Dobi. Akaitazama kamba. Akaisogelea namba kumi, akanusa. Pua ya mwuza nyama haidanganywi.

"Umefua."

"Mkono, Kocha. Mkono ulifua, mimi nilikuwa nawaza mechi."

Kocha alirudi mlangoni, akachungulia barabarani, huku na huku. Dobi akajua sasa benchi linaitwa. Kocha akafunga mlango, akasukuma komeo.

"Zimebaki ngapi?"

"Tatu, ukiacha hii."

Kocha akavua aproni. "Lete namba kumi."

"Kocha, na moyo wako ule?"

"Moyo wangu ulikufa msimu uliopita, kwenye penalti."

Wakakimbia, watu wazima wawili, mmoja mbele mwingine nyuma, wanabishana kwa pumzi zilizokatika. Kocha alisema namba kumi huletewa mpira, haufuati. Dobi akasema ndiyo maana msimu uliopita walifungwa. Kisha akavaa namba kumi na moja, akaimaliza kwa mguu mmoja na nusu, akaanguka kando ya Kocha chini ya ukuta.

Honi ya gari la timu ikalia mwisho wa mtaa.

Kambani ilibaki moja tu isiyo na jasho, ya kipa, mikono yake mirefu ikicheza na upepo. Dobi alijaribu kuinuka, goti likakataa.

"Na kipa ndiye kila kitu," Kocha alinong'ona, kama anayeleta habari za msiba.

Mke wa Dobi akaweka ungo chini. Akajifuta mikono, akakaza nguo kiunoni, akaitungua jezi ya kipa, akaivaa juu ya gauni. Mikono ikampita vidole.

"Mizunguko mingapi, shemeji?"

"Kumi," Kocha alisema.

Alianza polepole, kama anayekwenda kufukuza kuku. Mzunguko wa tatu akaongeza mwendo. Honi ikalia tena, sasa mlangoni kabisa, na mtu akagonga, hakuna aliyeitikia. Dobi alihesabu kwa vidole. Vikaisha. Mkewe hakusimama. Aliwapita mara ya kumi na moja, kidevu juu, vumbi likimfuata, na wale wawili wakakunja miguu kumpisha.