Ngoma ya Chai Bila Wanja

Asubuhi ile Roslyn Szeto hakuwa na ugomvi na mtu. Alikaa kwenye kiti cha kupambwa, taulo shingoni, katika kampuni moja ya baleti mjini San Francisco, akisubiri kujaribiwa sura ya onyesho la Krismasi.

"Funga macho," mpambaji akamwambia, brashi ya wanja mkononi. "Nivute mstari mpaka huku juu. Mwaka huu bosi anataka wote wanaocheza ngoma ya Chai wawe na macho ya Kichina."

Roslyn akafumbua jicho moja. "Hata mimi?"

"Hata wewe. Anasema ya kwako hayaonekani vizuri kutoka viti vya juu."

Alicheka mpaka taulo likaanguka. Baba Mchina, mama Mchina, babu zake pande zote mbili walishuka melini wakitokea Toisan, kusini mwa China, na leo anaambiwa macho yake hayajafikia kiwango! Kicheko kilipokwisha, akagundua kwamba hasira imebaki kifuani, imetulia, haina haraka.

Tangu ajiunge na kampuni ile alikuwa akicheza Chai. Kila Desemba, msichana wa kwenye hadithi ya onyesho hilo anapofika nchi ya peremende, vitamu na vinywaji humchezea kimoja baada ya kingine. Chokoleti hucheza kwa maringo. Kahawa hucheza kwa madaha. Chai hutoka mbio imeinama kama yenye kibiongo, vidole vya shahada juu, kichwa kikitikisika kama cha mwanasesere. Watu hucheka, pazia la nyuma hubadilika, basi. Na Roslyn huwekwa humo kwa sababu, walisema, anafaa.

Akajifuta uso, akapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, Gerald Haverkamp.

"Sichorwi macho, Gerald. Na vile vidole sivinyanyui tena."

"Roz, jamani, ni utani tu. Watu wanaupenda tangu enzi za bibi zao."

"Bibi zao. Bibi yangu uliwahi kumuuliza?"

Gerald akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa unataka niifute ngoma? Muziki ule niupeleke wapi?"

"Muziki hauna kosa, uache. Nipe mpaka Jumatatu nikuletee ngoma nyingine. Ya chai kwelikweli."

"Na isiponipendeza?"

"Itakupendeza."

Gerald alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumtisha, asipaone. "Haya. Jumatatu."

Jumapili Roslyn akawachukua wenzake watatu wa ngoma ile, akawapeleka kwenye mgahawa wa chai wa baba yake mdogo, mtaa wa Clement. Utotoni alikuwa akisukuma toroli za chakula humo. Siku ya Jumapili mgahawa ule huwa kelele tupu: wahudumu wanapenya kati ya viti kwa kiuno, vikapu vya vyakula vya mvuke vimepangwa hadi kidevuni, na akina mama wazima wananyang'anyana bili, kila mmoja akiapa kwamba leo analipa yeye.

Baba Mdogo Wing akamkagua Brendan Tierney, aliyewapita wote kwa urefu. "Huyu mlingoti umemtoa wapi?"

"Mwenzangu kazini."

"Anajua kubeba?"

"Anabeba wanawake kila siku, Baba Mdogo."

"Wanawake hawamwagiki," mzee akasema, akamshikisha Brendan birika la moto.

Brendan akamimina kwenye meza ya kwanza, ulimi nje kwa umakini. Bibi mmoja akagonga meza kwa vidole viwili, tap tap, wala hakuinua uso. Brendan akageuka mwekundu. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Anakushukuru," Roslyn akamwambia. "Mdomo umejaa, atasemaje?"

Baadaye Baba Mdogo akavuta kiti. "Hiyo dansi yenu ya chai, watu wanakunywa?"

"Hawanywi."

"Wanamimina?"

"Hawamimini."

"Sasa chai yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo nimeifuata huku," Roslyn akasema.

Jumatatu, katika ukumbi wa mazoezi, Roslyn alitoka mbio juu ya ncha za vidole vya miguu, vikapu vitupu vimemfika puani, akapita katikati ya viti asiguse hata kimoja. Brendan akazunguka na birika mara nne bila kifuniko kuanguka. Wenzao wawili, walioketi kama wateja, wakagonga meza kwa vidole viwili palepale muziki unaporuka. Kisha wateja hao wakaanza kupigania bili, wakaifukuzia ukumbi mzima. Mpiga piano alicheka mpaka akakosea noti. Gerald naye alijiziba mdomo, lakini mabega yalimsaliti.

"Wafadhili wataniuliza vidole viko wapi," akasema.

"Waambie viko mezani, vinashukuru."

"Haya, imepita. Na kiongozi ni wewe. Nani mwingine ataiweza?"

"Brendan ataiweza. Haihitaji wanja, kwa hiyo yeyote ataiweza. Mimi nataka nafasi ya Malkia wa Theluji."



"Roz," Gerald akaanza kwa upole. "Malkia wa Theluji ana sura fulani. Watu wamezoea kuona..."

"Kuona nini? Malizia."

Gerald akatazama dirisha. Akatazama piano. Sentensi ile alikuwa ameishi nayo miaka mingi bila kulazimika kuitamka, na sasa ilikataa kutoka.

"Basi tazama," Roslyn akasema, akamgeukia mpiga piano. "Tupigie theluji, tafadhali."

Miaka yote hiyo, katika onyesho hilohilo, alikuwa pia chembe ya theluji mstari wa nyuma, na hatua za malkia alizijua kama ngazi za kwao. Aliruka bila kishindo. Akasimama juu ya mguu mmoja, akakaa hapo mpaka alipotaka mwenyewe kushuka. Brendan, bila kuitwa, akaja nyuma yake, akamnyanyua juu kabisa, na Roslyn akamtazama Gerald kutoka huko juu bila kupepesa.

Muziki ulipokoma, Gerald akavaa miwani yake. "Alhamisi mchana. Onyesho la wanafunzi wa shule. Moja."

"Moja la kuanzia," Roslyn akasema.

Alhamisi ikafika. Karatasi za theluji zilimwagika kutoka juu, moja ikamwingia mdomoni, ina ladha ya vumbi. Akaitema alipogeuka, akaendelea. Watoto wale, waliokuwa wakipigana mateke tangu pazia lifunguliwe, wakatulia tuli, kisha wakalipuka kwa makofi. Baba Mdogo Wing alikuwa amefunga mgahawa siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama peke yake katikati ya ukumbi, na mwalimu mmoja alipomwomba akae akajibu kwa sauti, "Yule mtoto wetu!"

Gerald alikuwa akimsubiri pembeni mwa jukwaa. "Jumamosi pia," akamwambia.

"Onyesho la mchana?"

"La jioni."

Roslyn akaitikia kwa kichwa, akakung'uta karatasi kwenye nywele, akaenda kuvua viatu. Vidole vya miguu vilikuwa vinawaka moto, na njaa ilikuwa inamuuma sana.