Kura Yangu kwa Exaucée

Siku ya kuondoa kilio cha mume wangu, ukoo wake ulikaa sebuleni kwangu, mtaa wa Katuba, kuamua nani atamlea Exaucée, binti yetu wa miaka sita. Njia zilikuwa tatu: abaki nami, aende kwa bibi yake Madeleine, mama mkwe wangu, au achukuliwe na Anselme, kaka mkubwa wa marehemu, ampeleke Kolwezi.

Kolwezi! Chama, binti wa dada yake Anselme, alipelekwa huko kwa mjomba wake huyo, akawekwa kuosha mawe ya madini. Alirudi akikohoa damu, tukamzika. Lakini Anselme ana gari, na mwenye gari hakosi wa kumwitikia.

"Tunafanya vote, tunapiga kura," alisema Anselme, akitabasamu kama muuza mitumba mibovu. "Kila muntu ainue mukono. Hata weye, Lydie, juu bantu basiseme tulikuonea. Sauti zikilingana, mukubwa wa famille njo anaamua."

Mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Demokrasia hiyo!

Tulikuwa tisa. Mikono mitatu ilimwendea Anselme, ukiwemo wake. Mitatu kwa bibi. Kwangu miwili: shemeji Mwenze na mkewe, Mungu awabariki. Nikabaki mimi.

Nilitaka kuruka na kupiga kelele: wangu! Kisha hesabu ikanipata. Nikijichagua, ni tatu, tatu, tatu, na Anselme anaamua. Kura yangu haikuwa na nguvu ya kumbakiza mtoto. Nguvu yake ilikuwa moja tu: kuchagua nani ataninyang'anya. Na huyo bibi nilimwogopa pia. Tangu mazishi anasema nilimroga mwanawe, na mlango wake nimekatazwa kuukanyaga. Ila anampenda mjukuu wake, hilo siwezi kumnyima.

"Belle-sœur, tunakungojea," alisema shemeji yangu Anselme.

Exaucée alikuwa amesimama karibu na kiti changu, ananitazama. Lisilobudi hutendwa.

"Mama Madeleine," nikasema, nikainua mkono.

Tabasamu la Anselme lilikatika. Bibi alishtuka, akanitazama usoni, kisha akainama. Hapo Exaucée akanivuta kitenge.

"Mama, Papa Mwenze aliinua mukono nibakie na weye. Juu ya nini weye ulikatala?"