Posho Haikuingia

Mwisho wa mwezi mshahara wa Levi uliingia benki, lakini posho yake ya ng'ambo haikuingia. Phelista aliusoma ujumbe wa benki mlangoni pa saluni yake, mtaa wa Tuwan, Kitale, huku mteja akimngoja kitini, nywele zimesukwa nusu. Akamwandikia mumewe, mwanajeshi wa kulinda amani katika nchi ya mbali. Jibu likaja upesi: "Niko sawa, mpenzi. Watarekebisha."

Mpenzi? Tangu binti yao azaliwe, Levi alikuwa akimwita Mama Emmy tu.

Asubuhi alishika njia ya Bungoma, kwa baba mkwe wake Hesbon, mwanajeshi mstaafu. Alimkuta uani akipukuchua mahindi. Akaketi mbali kidogo, kama ipasavyo mkwe, akamweleza.

Mikono ya mzee ikatulia. "Mshahara umekuja wote, posho hakuna?"

"Ndiyo, baba."

"Sauti yake umeisikia lini?"

Siku hizi ilikuwa kuandikiana tu. Kila akipiga, ati mtandao ni mbaya.

"Wakati wetu," mzee alisema polepole, "posho ya ng'ambo ilikatwa mtu akirudishwa nyumbani, ama akilazwa hospitali. Na si kulazwa kwa malaria, mwanangu."

Phelista akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akaandika: "Niko kwa baba. Tumejua. Shika simu."

Akapiga tena. Iliposhikwa, sauti haikuwa ya Levi.

"Shemeji, mimi ni Kipkirui, mwenzake kikosini. Gari letu lilikanyaga bomu. Alinikataza kukuambia, ndiyo maana nimekuwa nikiandika mimi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai." Kipkirui akashusha sauti. "Lakini macho yameenda, shemeji. Daktari ameniambia mimi. Yeye hajaambiwa. Ngoja nimpe simu."

Phelista akasikia shuka zikisugua simu, kisha pumzi nzito, kisha mumewe.

"Usilie, bana. Kesho wananitoa bandeji machoni. Nitumie picha ya Emmy, ile ya sare mpya ya shule. Nataka kuanza na hiyo."

Mzee Hesbon alikuwa amesimama, anamtazama usoni. Phelista akampa mgongo.

"Nitakutumia," akasema.